Sanduku la Barua za Babu Piusi

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Nimeamua. Sanduku la babu lazima lije kwangu.

Habari imefika mchana. Shangazi Katarina, dada yake marehemu baba, ametuma ujumbe kutoka Endabash. Macho yamemchoka. Jumapili hii anakabidhi ufunguo. Amelitunza miaka ishirini na nane. Ni sanduku la bati, lina barua zote ambazo babu Piusi alimpelekea bibi alipokuwa kibarua wa kahawa Oldeani, pamoja na vyeti vya ubatizo, stakabadhi za kodi ya kichwa na kila karatasi ya ukoo huu. Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na sikukuu ya Mtakatifu Piusi, tunakusanyika baada ya misa, sanduku linafunguliwa, barua zinasomwa moja moja. Mwenye ufunguo ndiye msomaji. Wengine wote wanakaa kimya.

Nani mwenye haki? Mimi, Josephati, mwana wa Isaya. Isaya alikuwa kifungua mimba wa babu. Sanduku lilikuwa lake kwa kuzaliwa, likaenda kwa mdogo wake wa kike. Baba amekufa hajashika ufunguo ule, na hakuwahi kulalamika. Basi nitalalamika mimi kwa niaba yake.

Mpinzani wangu ni Flaviana, binti wa baba mdogo. Mwalimu wa shule kijijini Qurus. Anazipiga picha barua kwa simu, eti zisije zikapotea. Kujipendekeza tu. Mimi miaka yote hiyo ishirini na nane ndiye mkuu wa nyama choma siku ya sanduku, na sijawahi kuuacha moto hata dakika moja kwenda kusikiliza maneno ndani. Ukoo mzima umekula vizuri kwa sababu yangu. Nani mwingine amejitolea hivyo kwa ajili ya barua zile?

Jumanne, 19 Agosti

Nimekwenda kwa Brian, yule Mchaga mwenye kambi ya watalii barabara ya kwenda lango la Ngorongoro. Nimemwambia mimi ndiye mtunza nyaraka wa ukoo. Nimesema ndiye, sikusema nitakuwa. Tofauti ni siku tano tu.

Amefurahi. Amesema wageni wake wakirudi kutoka kreta jioni hukaa tu wanaota moto, kwa hiyo nije niwasomee barua za kale. Atanipa beji yenye jina na kofia ya kaki.

Kofia ya kaki. Niliivaa siku tatu tu nilipokuwa mwongoza watalii, kabla ya lile jambo la faru aliyegeuka kuwa jiwe. Kwa mbali vile, mtu yeyote angekosea. Lakini Karatu, mji wetu, haisahau. Mpaka leo nikipita sokoni kuna watu wananiuliza jiwe limezaa.

Nimemweleza mke wangu Eliapenda. Amesema barua za mume kwa mkewe si za kusomewa wapita njia. Nimemwambia hao si wapita njia, wamelipia hema. Amekwenda kulisha kuku.

Jumatano, 20 Agosti

Nimempigia Flaviana. Nimemwonya kwa wema kwamba sanduku lina panya, lina uzito, lina vumbi la kuleta pumu, na kwamba mwalimu mwenye madaftari ya kusahihisha hana nafasi ya mzigo huo. Amenishukuru. Amesema kumbe kaka unajali, na kwamba ameshanunua dawa ya panya na kitambaa cha kufutia.

Mkaidi kabisa. Sasa natumia akili.

Kinachotakiwa ni neno la babu mwenyewe. Kama babu aliacha barua inayosema sanduku ni la nani, nani atabisha? Na kama hakuiacha, basi ni kwa kusahau, na wajukuu wapo ili kuwakumbushia wazee. Nimechana ukurasa kwenye daftari la zamani la baba la chama cha ushirika. Karatasi nzuri, ya njano yenyewe. Nimekaa mezani asubuhi nzima.

Nainakili hapa kwa sababu imetoka vizuri: “Oldeani, tarehe 3 Machi 1951. Mimi Piusi, kwa mkono wangu mwenyewe na kalamu yangu niipendayo, nikiwa na akili timamu, naagiza kwamba sanduku hili apewe mjukuu wa kiume wa mwanangu wa kwanza, ambaye moyo wangu unaniambia ataitwa Josephati.”

Eliapenda amesoma akiwa amesimama nyuma yangu. Akasema mwaka 1951 baba yangu mwenyewe alikuwa na miaka saba. Nimemjibu kwamba manabii walikuwepo. Pia amesema haya mambo yataniaibisha mbele za watu. Nimemjibu kwamba aibu niliimaliza yote kwa lile jiwe. Amecheka, ingawa hakutaka.

Naona kweli nimeandika “mjukuu wa mwanangu”, ambaye angekuwa mtoto wangu, si mimi. Nimeandika upya.

Alhamisi, 21 Agosti

Barua ikiwa mpya inajulikana. Barua zetu hazikai kabatini. Zinakaa darini juu ya mafiga, kama mbegu za mahindi, ili moshi ufukuze mchwa. Ndiyo maana zote zina rangi ya chai na harufu ya jiko. Kwa hiyo nimeloweka barua yangu kwenye kahawa, nikaitundika jikoni kwa kamba, juu ya moto.

Kamba imeungua. Barua imetumbukia kwenye sufuria ya makande.

Nimegundua wakati wa chakula cha mchana. Eliapenda alikuwa ameshapakua. Nimekuta “akili timamu” kwenye sahani yangu, kati ya maharage. Nimetafuna. Eliapenda akasema leo makande yana ladha ya kahawa. Nikasema ni mtindo wa mahotelini.

Nimeandika nyingine. Nimetumia waya.

Ijumaa, 22 Agosti

Endabash kwa bodaboda. Upepo wa Agosti na lile vumbi jekundu. Nimefika na nyusi za mtu mwingine.

Nimemsalimu shangazi, nikampa sukari na majani ya chai, nikamwambia nimemkumbuka tu. Ameuliza nani amekufa. Nimesema hakuna. Ameshangaa sana.

Nimejitolea kushusha sanduku darini ili apanguse masizi kabla ya Jumapili. Limefungwa kufuli, lakini kifuniko kimepinda pembeni. Shangazi alipotoka kufukuza mbuzi kwenye mahindi, nimepenyeza barua. Imeingia kama imezaliwa humo.

Aliporudi nimemuuliza, kwa upole, kwa nini baba hakupewa sanduku. Ilinitoka tu, haikuwa kwenye mpango. Amesema Jumapili niache nyama, niingie ndani nikasikilize, maana umri wa miaka hamsini na mbili unatosha.

Sijui anamaanisha nini. Lakini nitaingia. Nataka kuziona nyuso zao.

Jumapili, 24 Agosti

Naandika hii yote, hata pale panaponichoma. Shajara ni yangu.

Baada ya misa tulikuwa watu kama arobaini kwa shangazi. Nyama niliwaachia vijana. Nilipoingia ndani na kuketi mstari wa mbele, watu waligeuka kunitazama. Mtu mmoja aliuliza kama ninaumwa.

Shangazi akafungua kufuli. Barua yangu ilikuwa juu kabisa. Akavaa miwani, akaisoma yote, taratibu, mpaka kwenye Josephati. Hakucheka. Nikaanza kujisikia mtunza nyaraka. Nilikuwa nimeshapanga kofia nitaitundika wapi.

Halafu nikasikia mtoto wa darasa la pili, mjukuu wa Flaviana, akimuuliza bibi yake kwa sauti: babu Piusi si alikuwa hajui kuandika?

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Wazee walifuta machozi. Shangazi akanyoosha mkono, akatoa barua nyingine, na nyingine, akaziweka mapajani mwangu. Zote zina alama ya kidole gumba chini. Gumba la wino mweusi, lenye kovu la panga katikati. Babu hakushika kalamu maisha yake yote. Alijua jembe na kahawa. Miaka ya mwanzo aliandikiwa na karani wa shamba. Kila mtu pale ndani anajua. Watoto wa chekechea wanajua. Barua zinasomwa kila mwaka. Mimi kila mwaka nilikuwa nje nageuza mbavu.

Kuna harufu ikaingia dirishani. Nyama ilikuwa inaungua. Hakuna aliyeinuka.

Nilisimama. Nilisema kwa sauti kwamba kosa ni dogo, la kidole kimoja tu, na kwamba haki ya Isaya iko palepale. Nilisema baba yangu alidhulumiwa na mdogo wake, na kwamba sitaomba msamaha. Kicheko kikaisha ghafla. Flaviana akatazama chini.

Shangazi hakukasirika. Alichambua barua kwa vidole bila kuangalia, akanipa moja, akaniambia nisome mimi, kwa sauti.

“Oldeani, 12 Juni 1954. Mama, barua hii naandika mimi Isaya. Karani hatumhitaji tena. Baba anasema kwa Kiiraqw, mimi naandika kwa Kiswahili. Anasema kahawa imeanza kuiva. Anasema ng'ombe mwekundu usimuuze. Anasema nisiandike kwamba anaumwa mgongo. Basi siandiki.”

Ni mwandiko wa baba. Ile k yenye mguu mrefu unaoshuka mpaka mstari wa pili. Ndiyo k iliyoandika jina langu kwenye daftari langu la darasa la kwanza. Alikuwa na miaka kumi. Na barua zote zilizofuata, miaka yote, ni mkono wake, na gumba la babu chini. Nusu ya sanduku lile ni baba yangu. Hakuwahi kuniambia. Na mimi sikuwahi kuingia ndani.

Nililia. Mbele ya watu arobaini. Sikuficha.

Shangazi akaeleza. Babu alipofariki, sanduku alipewa Isaya, siku ileile, mbele ya wazee wote, mimi nikiwa nje kwenye moto. Isaya akakataa. Alisema aliyeandika asitunze, maana atashawishika kurekebisha. Akalibeba yeye mwenyewe mpaka Endabash, akampa dada yake ufunguo. Hakuna aliyemdhulumu.

Nilirudi kuketi, hotuba haijaisha. Hilo halijawahi kunitokea.

Ufunguo amepewa Flaviana. Alilia na yeye, akaniambia kaka, njoo wakati wowote usome za baba mkubwa. Nimemwambia nitafikiria. Kisha nikanyoosha mkono nichukue barua yangu nikaichome. Shangazi akaupiga mkono wangu kofi. Amesema hiyo sasa ni karatasi ya ukoo. Akaandika nyuma yake kwa penseli, “Josephati, mwana wa Isaya, 2025”, akairudisha sandukuni. Itasomwa kila mwaka, baada ya ile ya ng'ombe mwekundu.

Nyama tumekula hivyohivyo, nyeusi.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimekwenda kwa Brian kumweleza ukweli. Nimeanza vizuri. Nimemwambia makabidhiano yameahirishwa kidogo kwa sababu za kiutawala. Kofia nimeiona imetundikwa msumarini ofisini kwake. Nimeijaribu tu. Inanienea kabisa. Amesema ananisubiri.

Eliapenda ameniuliza jioni kama nimejifunza kitu. Nimesema nimejifunza mengi sana. Amesema Mungu ashukuriwe, akanipa mguu wa kuku.

Jumatano, 27 Agosti

Watu wananicheka sokoni. Jiwe limestaafu, sasa wananionyesha gumba. Wacheke. Mimi ndiye mtu pekee katika ukoo huu, aliye hai, ambaye maandishi yake yako ndani ya sanduku. Flaviana na picha zake zote hayumo.

Nimewaza sana kuhusu baba. Siku ya msiba wa babu alikataa ufunguo kwa sababu ya unyenyekevu. Unyenyekevu ni kitu kizuri, lakini haina maana uendelee vizazi viwili.

Jana nilikwenda Qurus. Flaviana alinikaribisha, akanipikia chai, akanifungulia sanduku, akaniacha nisome. Nilisoma za baba saa tatu nzima. Nilizishika zote. Nimeisoma ile k mpaka naijua kuliko sahihi yangu. Leo asubuhi nimenunua kidau cha wino wa muhuri, na nimejaribu gumba langu kwenye gazeti zima. Kovu ninalo, la kopo la samaki, halipishani sana na la panga.

Eliapenda ameuliza kidole kimefanya nini. Nimesema nimekibana mlangoni.

Safari hii hakuna nabii, hakuna kalamu nipendayo. Fupi tu, kwa mkono wa mtoto wa miaka kumi: “Oldeani, 2 Septemba 1954. Mama, mvua bado. Baba anasema hajambo. Anasema nisiandike kwamba sanduku litakuwa la mwanangu Josephati. Basi siandiki.”

Nimeitundika jikoni kwa waya. Sufuria ya makande nimeifunika.