Dawa ya Viungo

Jumatatu, 4 Machi
Siku mbaya. Bosi wa ghala la mbao ametangaza kwamba Ijumaa atakagua mbwa wote wa lindo. Atakayeshindwa kupanda jukwaa la kupakilia atapelekwa shambani kwa binamu yake. Jukwaa lina vidato vitatu tu. Lakini mbwa wangu, Kapteni, ana miaka kumi na miwili. Akiamka hutikisa mkia kwanza, miguu ya nyuma inafuata baadaye sana. Msumari, mlinzi mwenzangu wa geti la nyuma, ana mbwa wa mwaka mmoja. Amenipa pole mapema, meno yote nje. Kapteni nimemlea tangu alipokuwa anaenea kwenye kofia yangu. Haendi shamba la mtu.

Jumanne, 5 Machi
Nimempeleka kwa daktari wa mifugo. Akambinya nyonga, akasema zimesagika kwa uzee, tena mbwa kanenepa mno. Kanenepa! Ana umbo tu. Akasema nimpe dawa ya viungo, asubuhi na jioni, akaanza kueleza. Sikumngoja. Mwerevu huambiwa moja akaelewa kumi. Vidonge na karatasi yake nimevitupa mezani. Vya nini, wakati kabati la mke wangu limejaa viungo?

Nimetwanga mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, nikakoroga kwenye mafuta, nikamchua Kapteni kuanzia kiunoni hadi kwenye kucha. Mke wangu kauliza iliki yake iko wapi. Nikamwambia panya wa siku hizi hawachagui.

Jumatano, 6 Machi
Kapteni anapiga chafya. Wapakiaji wameuliza chakula kitaiva saa ngapi. Mbwa wa Msumari ameacha lindo lake, kutwa anamfuata Kapteni akimlamba mapaja. Jioni nimetoka na kopo la yale mafuta ili nimwongeze. Kapteni aliponiona akaondoka mbio ambazo sijaziona tangu mwaka juzi. Dawa imeingia!

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu ananivurugia matibabu. Kamtandikia mbwa godoro la zamani, kampunguzia chakula, na tangu juzi anamlisha vidonge ndani ya kipande cha nyama. Nimemkanya. Kanijibu taratibu kwamba, baba watoto, karatasi ile inasomeka.

Mchana nimemfundisha Kapteni kupanda. Nikatambaa kwa miguu na mikono ili anione. Kidato cha pili nikateleza. Goti limevimba. Kapteni alikuwa amelala kivulini. Msumari ndiye aliyeniona, na sasa ghala zima linanisalimia kwa kubweka.

Ijumaa, 8 Machi
Mbwa wa Msumari kapanda kwa mruko mmoja. Zamu ya Kapteni. Akasogea, akanusa kidato cha kwanza, akakaa. Bosi akafungua daftari. Nikasikia moyo unashuka hadi kwenye buti.

Mke wangu alikuwa ameniletea chakula. Akaweka bakuli chini, akachukua ubao mpana, akaulaza juu ya vidato. Kapteni akautazama, akasimama, akapanda mdogo mdogo, akafika juu na kumbwekea Bosi usoni. Msumari akalalamika kwamba huo ni udanganyifu. Bosi akasema yeye alisema apande, hakusema apande kwa njia gani. Kapteni anabaki. Nikageukia ukuta. Waliouliza niliwaambia ni pilipili manga imeingia machoni.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu anasema vidonge vimebaki vya siku mbili, nirudi kwa daktari, na safari hii nimsikilize hadi mwisho. Nimemwacha aamini vidonge vyake. Wanawake nao wapewe moyo.

Bosi kaniita pembeni. Mama yake mzazi hainuki kwenye kiti, magoti yamekaza. Kauliza kwa sauti ya chini nilimpa nini yule mzee wangu Kapteni. Nimemweleza. Goti ni goti. Amlete Jumatatu, avae nguo asiyoipenda.