Fimbo Yenu Imemdharau Mwanangu Bombani

Kwa Ndugu Meneja,
Kijiji cha Maajabu, ndani ya bustani yenu ya michezo,
Huko ng'ambo.

Shikamoo. Umri wako siujui, lakini afadhali nikuamkie bure kuliko kukukosea adabu.

Sasa hivi, kabla sijashika kalamu, binti yangu Clarisse ameinyooshea sufuria ya maharage ile fimbo yenu yenye taa. Ameizungusha kama yule mtoto aliyechorwa kwenye boksi lake, akaamuru, "Iveni!" Taa ikawaka bluu. Maharage yakaendelea na mambo yao. Amesubiri, akafunika sufuria polepole kama anayemfunika mgonjwa, kisha akaja kuniegemea magotini: "Mama, hata maharage hayanisikii."

Ndiyo maana nimeomba karatasi. Clarisse ana miaka mitano tu, Ndugu Meneja. Mimi sina ugomvi na watu wa mbali, ila mtoto wangu ameanza kuamini kwamba dunia nzima inamsikiliza kila mtu isipokuwa yeye, na kosa ni la kwenu.

Mume wangu Evaristi ni utingo wa lori. Fimbo aliikuta Nyakanazi kwenye mitumba ya vitu vya watoto, bado iko kwenye boksi lake, akamletea mwanawe huku kwetu upande wa Murusagamba. Shemeji yangu Anatoli, ambaye Kiingereza anakiweza, alitusomea: mtoto akiwa katika Kijiji cha Maajabu akinyoosha fimbo, dirisha linafunguka lenyewe, kisima kinarusha maji, sanamu ya ukutani inamsalimia kwa jina. Alipofika kwenye maneno "fimbo ya kichawi" nikamwomba anong'one, maana tuna majirani. Hayo yote Clarisse aliyashika. Yale ya mwisho, yaliyoandikwa madogo kama chawa, kwamba fimbo hufanya kazi ndani ya bustani yenu tu, hakuyasikia. Alikuwa ameshatoka mbio kwenda kwenye bomba la kijiji.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bomba letu lilikuwa halijatoa maji tangu masika yaishe. Ndoo zilikuwa kwenye foleni, wenyewe wako mashambani, maana kwetu ndoo inakushikia nafasi hata kama haupo. Clarisse akanyoosha fimbo. Bomba likakohoa, likatema tope na chura mmoja, likanyamaza. Lingenyamaza tangu mwanzo nisingekusumbua. Lakini mama mkwe wangu Petronila alikuwepo, naye hajawahi kuona kitu akakiweka moyoni. Kufika jioni kila mtu alijua kwamba mtoto wa Yuster anafungua maji, na kwamba kwa kuanzia ameshamtoa chura.

2. Tangu hapo wanawake wanamchukua asubuhi hata uji hajamaliza. Wanamwekea kigoda mbele ya ndoo zote. "Haya, bibi mdogo, piga!" Anapiga. Kimya. "Piga vizuri bwana, au uji wa mama yako ni mwepesi?" Wanacheka wee. Si watu wabaya, wanatania tu, lakini mtoto wa miaka mitano hajui utani wa mtu mwenye ndoo tupu. Anarudi amefungia mikono ndani ya gauni, ananiambia, "Mama, mimi ndiyo sijui kupunga."

3. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Juvenali, alikuwa karibu sana kwenda kumwita fundi. Nasema karibu kwa sababu alikuwa ameshavaa viatu. Aliposikia habari za fimbo akavivua. Sasa ukimwuliza anasema, "Suala hilo lipo kwa mtaalamu," anamwonyesha mwanangu. Na mkutanoni akatangaza kwamba kamati itaendelea kumvumilia mtaalamu kwa kuwa bado ni mgeni kazini.

4. Mganga mmoja mzee, aliyehamia na ng'ombe zake kutoka Shinyanga, alikuja kuuliza kwa heshima Clarisse amefunzwa na nani, na kwa nini ameanza kazi bila kuwaarifu wenzake. Nikafungua fimbo nikamwonyesha betri. Akazigeuzageuza, akaomba nimwelekeze duka.

5. Hili ndilo limeniuma hasa. Nimeziangalia tena picha za kwenye boksi. Kijiji chenu kina kuta zenye nyufa, barabara ya vumbi, na mama mwenye ndoo kichwani. Anatoli anasema nyufa zimechorwa na mafundi wa rangi, vumbi ni la kuagiza, na yule mama ni mfanyakazi wenu na ndoo yake haina kitu. Ndugu Meneja! Kumbe fimbo inakubali kutumika kwenye kijiji cha kuigiza, inakataa kwenye kijiji chenyewe?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, kijiji chetu kitangazwe kuwa sehemu ya bustani yenu. Nyufa tunazo, zilikuja zenyewe. Nasikia wageni wenu hupanga foleni ili wakae kwenye viti vya kuwatikisa mpaka wapige mayowe. Waleteni wapande gari kutoka hapa hadi barabara ya lami, na mayowe watapiga bila umeme. Wa kubeba ndoo tupu mkiwataka, uzoefu tunao. Nyinyi leteni tu vile visanduku ambavyo Anatoli anasema mnavificha ukutani ili viisikie fimbo. Kimoja kiwekwe bombani, kimoja jikoni kwangu, na kimoja kwenye viatu vya Mzee Juvenali, ili Clarisse akipunga vitembee.

Mkiona ni vingi, nipeni hicho cha bombani peke yake. Nataka apunge mara moja, kitu kimwitikie, aache kuficha mikono.

Wasalimie wanao, wafanyakazi wako wote, na hasa yule mama wa ndoo, mwambie tunamhurumia shingo. Evaristi naye anawasalimu, japo hajui kwamba nimeandika.

Ni mimi mwenye matumaini nanyi,
Yuster, mama Clarisse.

N.B. Nilikuwa nimeshakunja karatasi. Tafadhali yasahau yote ya hapo juu, maji yametoka! Sijui nani amefungua huko mlimani yanakotoka. Fimbo ilikuwa hapa mezani na Clarisse alikuwa chooni. Hakuna aliyepunga chochote. Amekimbia kwenda kuona, gauni limeshikwa juu, akarudi anapiga kelele, "Mama, si mimi! Yametoka yenyewe, si mimi!" Tangu fimbo iingie humu ndani sijamwona akicheka hivyo. Ameichukua anakorogea maharage, nami sijamkataza. Basi visanduku msilete. Na kama kuna namna ya kuizima fimbo kabisa mkiwa huko huko, izimeni hata leo, maana Mzee Juvenali ameshapita hapa kuuliza mtoto alikuwa amechuchumaa akielekea upande gani. Petronila ananiita, ndoo yetu imefika mbele na mtu wa nyuma ameanza kuisogeza kwa mguu, naja mama, naja! Ninachokuomba sasa, Ndugu Meneja, ni kwamba... aa, ndoo inasogezwa tena, nakimbia!