Ombi la Kuvuliwa Ugeni Rasmi kwa Sababu ya Kodi

DeSoto, Texas
Machi, wiki ya pili

Kwa Mama Lydiah,
Mwenyekiti, Kamati ya Harambee,
Umoja wa Majirani wa Afrika Mashariki, Dallas na Vitongoji

Mama Mwenyekiti mpendwa,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwangu, ambako mimi na mke wangu Wawira tu wazima wa mwili, ingawa mfuko una homa.

Naandika kwa heshima zote kuomba kamati yako inivue cheo cha mgeni rasmi wa kudumu. Sikukiomba. Kiliniangukia mwezi Februari, nacho kilitokana na kosa ambalo nitalieleza ukinivumilia.

Mimi ni nesi wa zamu ya usiku, hilo unalijua. Kwa miaka mingi mshahara wangu umekuwa ukikatwa akiba ya uzeeni kabla ya kodi. Mwaka jana, kwa ushauri wa Kalume wa Irving, yule anayetujazia sisi sote fomu za kodi, niliihamisha akiba hiyo kutoka akaunti ya zamani kwenda kwenye ile inayoitwa Roth. Humo unalipa kodi leo, ukizeeka unachota bila kudaiwa na mtu. Ni jambo la busara kabisa. Shida ni kwamba serikali huzihesabu fedha zote zilizohama kuwa mapato ya mwaka huohuo. Kwa hiyo, kwenye karatasi, mwaka jana nilikuwa tajiri. Barabarani nilikuwa na Camry ileile yenye mlango mmoja wa rangi tofauti.

Simlaumu Kalume. Anatunza siri za wateja wake kuliko padri, na hakumtajia mtu hata senti. Ila Jumapili iliyofuata baada ya kunijazia fomu, nilipoingia ukumbini, alisimama. Alisimama tu na kufunga kifungo cha koti. Marie-Goretti kumwona Kalume amesimama, naye akasimama. Tharcisse akasimama na mtoto mkononi. Kabla sijaifikia birika ya chai, ukumbi mzima ulikuwa wima na mshereheshaji ameshika kipaza sauti: “Tuna mheshimiwa ndani ya nyumba! Mpigieni makofi ya kilo!”

Tangu siku hiyo nimepatwa na madhara yafuatayo:

1. Kiti. Nakalishwa mbele ya watu kwenye kiti cha kitambaa cheupe chenye utepe mgongoni, na chupa ya maji yangu peke yangu. Siwezi kujikuna. Siwezi kusinzia, na unajua natoka kazini asubuhi moja kwa moja.

2. Marafiki. Desturi yetu ni kwamba mgeni rasmi hatoi peke yake, husema “mimi na marafiki zangu”. Siku ya harambee ya Keza, binti wa Marie-Goretti, ya ada ya chuo cha unesi, ulimi uliniteleza nikasema hivyohivyo. Mkaniuliza ni marafiki gani. Nikawataja Kipngeno na Elibariki, ninaofanya nao kazi wodini. Kipngeno alikuwa safu ya tatu na sahani ya pilau, akaacha kutafuna. Sasa nikimwambia habari ya jioni anaijibu mashine ya presha.

3. Houston. Ndugu zetu wa kule walinialika kuchangia ngoma za kwaya. Niliendesha gari kwa saa nne bila kulala, nikakuta bango lenye picha yangu na maneno “Mwekezaji wa Kimataifa”. Picha yenyewe ilipigwa kwenye msiba, nimefumba macho.

4. Kodi yenyewe, na hapa ndipo panaponiuma. Fedha za kuilipa niliziweka kando, kwa sababu Kalume alinionya nisizitoe ndani ya akiba. Zinatakiwa katikati ya Aprili. Lakini kila ninaposhika kipaza sauti, ni hizohizo zinazotoka. Zikipungua nitalazimika kuichokonoa akiba, na nilimwahidi Wawira kwamba mwakani naacha zamu ya usiku, nilale kwangu kama binadamu. Nimemuuliza Kalume kama naweza kuirudisha akiba ilikotoka. Akasema, “Mzee, zamani ungeweza, siku hizi uki-convert ume-convert, ukihamisha umehamisha.” Kwa kuwa serikali haiwezi kunirudisha nyuma, naiomba kamati ifanye hivyo.

5. Haki. Mwezi jana Protais alihama kutoka ghorofa ya kwanza kwenda ya tatu, jengo lilelile la Vickery Meadow, akiwa amebeba godoro lilelile. Ikiwa kuhamisha kitu chako mwenyewe ni kutajirika, basi Protais naye apewe kiti chenye utepe. Tena naomba hili lijadiliwe kwa uzito.

6. Nilifikiria suluhisho la kiungwana: tufanye harambee ya kulipa kodi yangu. Nilipolipeleka kwa katibu wako alilifurahia sana, akafungua kalenda, akaniuliza nani awe mgeni rasmi. Tajiri tuliye naye ni mmoja. Maana yake ningekaa mbele ya watu, nichangie kodi yangu kwa fedha zilezile za kodi yangu, kisha nijishukuru kwa niaba ya familia.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe kiti changu cha plastiki kilicho karibu na mlango, nikoroge chai yangu mwenyewe, na Kalume akatazwe kusimama ninapoingia, hata kama anakwenda msalani.

Nisalimie wanakamati wote, mzee wako, wanakwaya, Tharcisse na mtoto wake, na Kipngeno ukimwona, maana mimi hanipokelei simu.

Wako katika ujirani mwema na uchovu,

Shem Nyaga

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha ndipo Houston wakapiga simu. Wananitaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, safari hii ni basi la kwaya. Tafadhali usiwasomee barua hii. Nitakwenda. Wawira alinuna kutwa nzima kwa sababu ya zamu za usiku, halafu jioni akapeleka vitenge kwa fundi, vya sare. Mama Lydiah, miaka ishirini na mitatu nimekuwa nikiingia vyumbani mwa watu usiku, na hakuna aliyewahi kusimama. Ni wagonjwa, siwalaumu. Lakini siku ile ukumbini niliangalia nyuma nione ni nani anayepigiwa makofi, na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Kwenye akaunti ya zamani nilikuwa nimebakiza fedha kidogo. Nimemwambia Kalume azihamishe zote kabla ya Desemba, nisije nikaingia mwakani nikakuta watu wamekaa.