Rundo na Foleni

Kwa heshima na taadhima, Ofisi ya Vibali vya Upasuaji wa Macho inatangaza kuwa imemaliza kulinganisha lugha mbili za kompyuta. Kazi imechukua miezi kumi na minane tu. Mimi nilikuwa Mjumbe Mwakilishi wa Wananchi. Sifa nilikuwa nayo: nilikuwa wa kwanza kwenye benchi, nikisubiri kibali kabla mtoto wa jicho hajanifungia na dirisha la pili.

Msichana wa kompyuta, niliyemwita mjukuu, alitufafanulia. Mfumo wa lugha ya kwanza ulipanga mafaili kama foleni: aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Wa lugha ya pili uliyapanga kama rundo la sahani: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

"Ila bibi, lugha zote mbili zinaweza kupanga vyovyote."

Mkurugenzi akamwomba asiivuruge kamati.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega!" Hilo ndilo azimio pekee lililopita bila kupingwa.

"Kaingia wa kwanza, kukicha yumo, kuchwa yumo."

"Mlinzi," akasema Mkurugenzi.

"Hujapata. Nipeni mji."

Wakanipa mji mzima, na barabara zake mbovu.

"Faili langu, chini ya rundo."

Wakacheka mpaka wakafuta machozi, kisha wakapitisha rundo. Sababu ya kitaalamu: kuinama kutafuta la chini kunaumiza mgongo wa serikali.

Watu si wajinga. Asubuhi mlangoni ikawa adabu tupu.

"Tangulia, shemeji."

"Aa, mkubwa ni wewe. Ingia tu."

Hadi saa sita hajaingia mtu. Mkurugenzi akaripoti kuwa ametokomeza foleni.

Makao makuu yakampongeza. Kama foleni hakuna, yakaandika, basi wafanyakazi wamezidi. Mfumo upunguze mmoja. Majina ya wafanyakazi nayo yalikuwa kwenye rundo. Mjukuu akabonyeza. Likatoka jina la Mkurugenzi, aliyeajiriwa baada ya wote, hata mfagizi.

"Haiwezekani! Mimi ndiye niliye juu yenu wote!"

"Ndiyo, mheshimiwa," mjukuu akasema. "Ndiyo maana."

Siku ile ile akakata rufaa, akidai kwa uchungu kuwa haki ni foleni. Kamati ikakubali, na ofisi nzima ikarudi kwenye foleni. Faili langu likafunguliwa la kwanza. Rufaa yake ni ya mia nne na kumi na mbili.

Nilipoitwa, nilimwachia nafasi yangu kwenye benchi. Ilikuwa bado ina joto.