Posa ya Mheshimiwa

Jumamosi, 1 Machi

Mheshimiwa hajamaliza kabichi yake. Siku ya nne leo!

Mheshimiwa ni simbilisi wangu. Mnyama wa ukubwa wa mkate, hana mkia, ana tumbo, na husinzia watu wakizungumza. Ndiyo asili ya jina. Ana miaka sita, donc kwa simbilisi ni babu kabisa. Tangu mwenzake, Madamu, afe mwezi jana, anakaa kwenye pembe ya kizimba akitazama ukuta. Kitabu cha maktaba kinasema simbilisi hafai kuishi peke yake, na akiacha kula anakufa upesi.

Atapata mwenzi. Naapa. Sharti ni moja tu: mpango wowote usinilazimishe kuongea na mtu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mdogo wangu Murhula anajua kusoma Kiingereza tu, na anasoma kila kitu.

Nimemuuliza Koko, bibi yangu, kwao walifanya nini simbilisi akibaki peke yake. Akasema kule Walungu wanaitwa dende, walikuwa wanakaa kumi na tano jikoni, na hakuna aliyewahi kubaki peke yake. Kisha akatazama sufuria.

Nimehamishia kizimba chumbani kwangu.

Jumapili, 2 Machi

Kioo! Nimechukua kioo cha Koko nikakiegemeza kizimbani. Mheshimiwa atajiona, atadhani amepata rafiki.

Alijitazama. Akafikiri. Akageuka, akakipa kioo matako. Namwelewa. Hata mimi asubuhi hufanya hivyo.

Koko, bila kioo, ameenda kanisani fundo la kitambaa cha kichwa likiwa karibu na pua. Mama mmoja wa kwaya akamuuliza kama huo ndio mtindo mpya. Koko akasema ndiyo, wewe bado hujauona? Lakini mimi hajaniongelesha tangu ibada iishe.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa sauti. Nimeweka simu ya zamani ya Papa kizimbani, inapiga milio ya simbilisi wa kwenye intaneti, nikaenda shule.

Nimerudi. Kabichi imeisha! Yote! Mimi ni mwanasayansi!

Bon, haya basi. Koko anasema makelele yale yalimuumiza kichwa, akazima simu kabla sijafika kituo cha basi. Akachukua kizimba akakiweka sebuleni karibu na hita, maana chumbani kwangu kuna baridi ya kuua. Kisha akakaa hapo hapo akiongea kwa simu yake na Tantine Kavugho wa Louisville kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Wamezungumzia ndoa za watu wote wanaowajua, na wawili wasiowajua.

Kwa hiyo si milio. Basi ni nani aliyekula kabichi?

Panya. Nyumba hizi za mbao za West Side, mtaa wetu huku ughaibuni, zina panya.

Alhamisi, 6 Machi

Cibalonza ana simbilisi jike. Cibalonza! Yule wa mtaa wa Riverside, tunasoma darasa moja, anayesoma Neno kanisani kwa lugha tatu bila karatasi. Mimi kusema "amina" tu natoka jasho.

Nimemwandikia ujumbe. Maneno matano, yamenichukua saa tatu nzima. Akajibu hapo hapo, na vicheko: muulize baba. (Watoto hatutaki. Daktari wa wanyama alishamaliza habari hiyo kwa Mheshimiwa zamani.)

Baba yake, Mzee Zihindula, akampigia Papa. Akasema kwake msichana hatoki nyumbani kwa ujumbe wa simu. Tuje Jumamosi, tuje na watu, na mwenye bwana harusi aseme mwenyewe. Papa alikuwa ametoka kazini depo, macho mekundu, lakini alicheka mpaka akakaa chini. Koko hakucheka. Alianza kupiga kitenge pasi.

Niseme mwenyewe! Mbele ya wazee!

Mheshimiwa leo hajala. Nitasema.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu. Aibu kubwa kuliko nyumba.

Tulipanda basi la mtaa wa Niagara: Koko, Papa, mimi, na Mheshimiwa ndani ya boksi la ndizi. Mzee Zihindula alikuwa amevaa koti na tai. Kwa ajili ya simbilisi! Akauliza kilichotuleta. Nilikuwa na hotuba ya ukurasa mzima. Nikasimama.

Nikasema, "Bon."

Nikageuza karatasi. Nikasema tena, "Bon." Nikakaa.

Kutoka ndani ya boksi Mheshimiwa akapiga mlio mrefu. Mzee Zihindula akasema afadhali bwana harusi ana mdomo. Cibalonza alicheka mpaka machozi. Sitamsamehe kamwe, ingawa baadaye alikuja kukaa kando yangu akanigawia soda yake.

Koko akachukua neno. Wakadai mbuzi. Koko akasema mbuzi ni mkubwa kuliko maharusi wote wawili, na isitoshe, binti yenu anaonekana mlaji. Akaweka kabichi moja mezani. Wakabishana. Ikawa mbili. Papa akapiga makofi.

Maharusi wakawekwa mkekani pamoja. Malkia, ndilo jina lake, akamnusa Mheshimiwa, akamuuma sikio. Mheshimiwa akakimbilia chini ya kitenge cha Koko, aliyekuwa ameshuka mkekani ili aone vizuri. Koko akamtoa, akamweka pajani, akaendelea kumwambia Mzee Zihindula kwamba binti yake hana malezi. Akavuta kabichi, akawa anachana jani moja moja huku anafoka.

Na Mheshimiwa akala. Jani baada ya jani. Akamaliza ya kwanza, akaanza ya pili!

Mzee Zihindula akasema hajawahi kuona mtu akila mahari yake mwenyewe mbele ya wakwe. Posa imevunjika.

Jumapili, 16 Machi

Mheshimiwa amenenepa. Kizimba hakitoki tena kando ya kiti cha Koko. Kila asubuhi anamsimulia mambo ya Walungu na kumpa nusu ya pilipili hoho, naye anatafuna na kuitikia. Koko anamwita "mzee wangu". Papa anasema kumbe mwenzi tulikuwa naye ndani ya nyumba. Sawa, nakubali. Na panya, nadhani, wamehama.

Leo mama watatu wa kwaya wamefunga vitambaa fundo likiwa karibu na pua.

Lakini nimewaza. Mwanamke wa miaka sabini na miwili, siku nzima anaongea na simbilisi! Koko ni mpweke! Sijui kwa nini mimi peke yangu ndiye ninayeona haya mambo.

Kuna Mzee Rutebuka wa Reynoldsburg, kule Columbus, aliyefiwa na mkewe. Anakuja kwetu Pasaka na kwaya yao. Mpole, ana meno yake yote, na haumi. Kila kitu kinaweza kupangwa bila mimi kuongea na mtu.

Cibalonza ameniandikia mara nne, anauliza nitarudi lini Riverside. Sijamjibu. Nafasi naitoa wapi, jamani, na humu ndani kuna mtu mpweke?

Nimeanza na kioo. Nimekiegemeza mbele ya kiti cha Koko.