Upepo wa Moto wa Fundi Gabrieli

Jumatatu, 4 Oktoba 1993
Tangu kiwanda kitupunguze kazini, mimi ni fundi baiskeli hapa Bigwa, pembeni mwa mji, chini ya mlima. Wateja hakuna. Wote wako kwa Idrisa, ng'ambo ya barabara, mwenye mashine ya upepo kutoka Dubai. Biashara ruksa, wanasema. Mimi na pampu ya mkono. Kifua kinauma!
Jirani yangu Semeni, mwalimu wa fizikia, kaniambia upepo ni chembe ndogo sana, molekuli, zisizotulia. Zikipata moto zinakimbia zaidi, zinagonga tairi kwa nguvu zaidi. Nimeondoka kabla hajamaliza. Wazo limeshanijia.

Jumanne, 5 Oktoba
Nimepata mteja. Tairi zake nimejaza kidogo tu, nikaanika baiskeli juu ya bati. Saa saba mchana, tairi ngumu kama jiwe! Mwenye baiskeli, Mzee Raphael, mkulima wa kabichi wa huko mlimani, kabonyeza, kasifu. Kasema nikimfaa, wenzake ishirini watahamia kwangu. Idrisa kanuna.

Jumatano, 6 Oktoba
Mzee kashuka akiikokota baiskeli. Nimempa shikamoo mbili. Kasema huko juu baridi, tairi zimelegea kama andazi bichi. Semeni kasema molekuli zimepoa, zimepunguza mwendo. Nikauliza, zimechoka kupanda mlima? Kasema hapana. Sikuelewa. Nimeitikia.
Mzee kanipa nafasi ya mwisho.

Ijumaa, 8 Oktoba
Alfajiri nimepanda mlima na pampu. Nimejazia huko huko kwenye baridi, hadi mikono ikafa ganzi. Ngumu kabisa! Mzee kapakia magunia mawili ya kabichi, tukashuka. Mjini jua kali. Kaegesha baiskeli mbele ya banda langu, tukanywa maji.
PAA!
Kabichi barabarani, nyingine hadi kwa Idrisa. Idrisa kasaidia kuokota, kamwekea tyubu mpya. Mzee hakunitukana. Kasema tu, "Mwanangu, upepo wako una wazimu." Bora angenitukana. Wale ishirini wamekwenda kwa Idrisa.

Jumapili, 10 Oktoba
Semeni kanionea huruma, kanieleza upya, kwa mchoro. Joto lenyewe ndio mwendo wa molekuli: zikikimbia zaidi, joto limepanda. Kanisihi niachane nazo.
Sasa nimeelewa! Kosa lilikuwa tairi. Nitauza chai isiyohitaji mkaa. Tangu saa tatu asubuhi nakoroga sufuria la maji kwa mwiko, mbio mbio. Sasa saa kumi. Vuguvugu? Nadhani. Dada Witness wa duka la pili kaonja, kaniuliza kama naumwa.
Nimebadilisha mkono.