Borafya na Sigara ya Talaka ya Tatu

Jongeeni, enyi wana wa Unguja, jongeeni mkae! Wewe unayetafuna kashata hapo pembeni, meza kwanza, kwani habari hii haitaki kelele za meno. Wengine wamekwisha kuwahadithia mizinga na majeshi, hayo yaacheni. Mimi nakuhadithieni vita alivyopigana Borafya bin Simai, Simba wa Kiponda, Tanuri Lisilozimika, karani wa ghala la karafuu, alipokabiliana uso kwa uso na sigara moja, katika mwaka wa hamsini na sita. Nami ni shahidi wa haki: nyumba yangu na yake ukuta mmoja, na ukuta wenyewe mwembamba, alhamdulillahi.

Jueni basi kwamba shujaa huyu alivuta tangu alfajiri hata isha. Akiamka, avute, akinywa kahawa, avute, na mkewe, Bi Mwatum binti Gharib, akifukiza nguo kwa udi, yeye hupita kati na moshi wake, nguo zikatoka zanuka jiko. Kikohozi chake kiliwatangulia jogoo wa mtaa mzima.

Alasiri moja, barazani petu, Miraji fundi cherehani akamchokoza mbele ya watu. "Weye Borafya, huwezi kuiacha sigara hata mpaka magharibi. Hebu twambie, baina yako na hiyo sigara, bwana ni nani na mtumwa ni nani?"

Lo! Baraza zima likacheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Hapo shujaa akasimama, akaiweka sawa kofia yake ya kiua, akanguruma: "Enyi wanaume wa Kiponda, shuhudieni! Nikivuta tena sigara maishani mwangu, Mwatum keshaachika!"

"Naam!" tukaitikia. "Hayo ndiyo maneno ya mwanamume!" Tukaagiza kahawa nyingine. Hakuna aliyekumbuka, wala yeye hakukumbuka, kwamba alikwisha kumwacha mara mbili kwa viapo vya namna hiyo hiyo, mara ya kwanza kwa ubishi wa mpira, mara ya pili kwa ubishi wa bei ya samaki changu, na zote mbili akamrejea. Hii ingekuwa ya tatu, na ya tatu hairejewi mpaka mwanamke aolewe kwengine na kuachwa huko. Ulimi hauna mfupa, jamaa zangu.

Habari ilifika nyumbani kabla ya miguu yake. Nikatega sikio ukutani, kwa ajili ya historia.

"Ati umeniapia?" aliuliza Bi Mwatum.

"Hasira tu, mke wangu."

"Hasira zako, talaka zangu! Miaka yote hii nakupikia, nakukanda kifua ukikohoa, leo wanichezea barazani kama kete ya bao? Nimeumia, Borafya. Wallahi nimeumia."

Akalia. Na mimi huko ukutani nikajikuta napenga kamasi.

Vita vikaanza siku ya pili. Sigara ilituma majeshi yake kila upande: harufu ya kahawa ikamshambulia asubuhi, Miraji akampulizia moshi mchana, hata jioni akamtukana paka wa watu asiye na kosa. Akavumilia. Lakini Ijumaa, baada ya wali, saa ile ambayo mvutaji humuuza hata nduguye, alitia mkono katika mfuko wa koti kuukuu, na humo alikuwa kajificha adui: sigara moja, imepinda, lakini nzima.

Mimi nilikuwa darini naanua nguo ambazo sikuzianika, na ua wao nauona wote.

Akaitia mdomoni. Akawasha kibiriti. Na hapo Bi Mwatum akatoka jikoni na birika la chai. Hakupiga kelele. Aliweka birika chini, akatungua buibui lake msumarini, akalivaa, akasimama mlangoni.

"Vuta," alisema. "Sikuzuii. Ila vuta nikuone, nijue ulivyoniacha."

Enyi mashujaa wa zamani, nani kati yenu aliyesimama pahala pazito namna hii? Moto ulishuka ukamfika vidoleni, naye hakuukung'uta. Aliuacha umwunguze mpaka ukazimika wenyewe. Kisha akaitoa sigara mdomoni, akaifikicha, tumbaku ikamwagika sakafuni.

"Nnaogopa, Mwatum," alisema, na machozi yakimtoka. "Nnaogopa kukukosa. Vua buibui."

"Nivue nini, nawe kesho utaapa tena? Ukitaka kuapa, apia kitu chako. Apia baiskeli yako."

Shujaa akageuka, akaitazama baiskeli kule ilikoegemezwa.

"Haya," alisema mwisho, kwa taabu kubwa kuliko alivyoifikicha sigara. Ndipo Bi Mwatum akalitundika buibui.

Hivyo ndivyo ulivyoanguka ufalme wa tumbaku katika Kiponda! Na waandikwe wana wa Simai kizazi kwa kizazi, na watoto chuoni wafundishwe siku ile ambayo mtu mmoja, kwa vidole vilivyoungua, aliishinda sigara moja iliyopinda.

Kesho yake alasiri Miraji hakusadiki. "Hukuvuta? Mwongo! Apa basi!"

Baraza tukatulia, tukingoja jina la Bi Mwatum kama ilivyo ada.

"Nikivuta tena," alisema Borafya, "baiskeli yangu ni yako."

Salaale! Vikombe vilimwagika. Miraji mwenyewe alishika kichwa. Mimi nikamvuta Borafya pembeni, nikamnong'oneza kwa uchungu wa kweli: "Ndugu yangu, una wazimu? Kwenye mambo mazito kama hayo mtu haapi ovyo."